Uvuaji wa Ala ya Neva: Ugonjwa wa Devic na Tezi ya Shingo

Mgonjwa wa Mikumi akilalamika kuwa "mshipa unamsumbua", tabibu hulazimika kuuliza tena. Huenda ni ngiri, mshipa wa damu au mshipa wa fahamu. Hata "uti wa mgongo" huwakumbusha wengi homa inayoletwa na vimelea.

Utata huo ni mzito zaidi kwa neuromielitisi optika, ugonjwa adimu alioueleza daktari Mfaransa Eugène Devic mwaka 1894. Hushambulia neva ya jicho na ugwe wa neva uliomo ndani ya uti wa mgongo. Mtu huweza kupoteza uwezo wa kuona au nguvu za miguu katika muda wa siku chache. Wengine huanza na kwikwi na kutapika kusikokoma, wakatibiwa tumbo.

Vitabu huuweka miongoni mwa magonjwa ya "dimielinesheni". Mayelini ni tabaka la mafuta linaloviringishwa kwenye neva ili ujumbe upite haraka. Likiitwa ala, basi kitendo chenyewe ni uvuaji wa ala ya neva. Istilahi hiyo inaeleweka, ila inataja tokeo tu. Mwaka 2004 watafiti waligundua kingamwili ya ugonjwa huu, na mwaka uliofuata ikajulikana inachokilenga: akwaporini-4, kipitisha maji kilicho kwenye astrosaiti, seli zinazozitunza neva. Hizo ndizo hudhurika kwanza, ala hufuata.

Ndiyo maana istilahi ya pili, "kinga kujishambulia", ina uzito zaidi. Inaunganisha macho, miguu na shingo. Wenye ugonjwa wa Devic, wengi wao wanawake, mara nyingi huwa pia na magonjwa mengine ya kinga kujishambulia, yakiwemo ya tezi ya thairoidi iliyo shingoni, kama ule alioueleza Hakaru Hashimoto mwaka 1912. Rovu la Hashimoto, yaani uvimbe wa tezi hiyo, halitokani na upungufu wa madini joto, hivyo chumvi yenye madini hayo hailitibu.

Kutoka Kilosa au Hospitali ya Mtakatifu Kizito, Mikumi, njia ya rufaa hupitia Morogoro mjini hadi Muhimbili. Dawa za awali za ugonjwa wa Devic ni steroidi zinazotiwa kwenye mshipa wa damu, kisha za kutuliza kinga. Baadhi ya dawa za sklerosisi maltipo, ugonjwa unaofanana nao, huuzidisha huo wa Devic.

Mwenye ugonjwa wa tezi, macho yake yakififia au miguu ikifa ganzi ghafla, asiishie kupimiwa miwani. Apewe rufaa mapema, na barua yake itaje shingo pamoja na macho.