Nadi Ikhwani Safaa: Udugu wa Taarabu Unguja

Katika jamaa zote zilizopata kuasisiwa Mji Mkongwe wa Unguja kwa ajili ya nyimbo na ala, hakuna iliyoishi umri mrefu kama Nadi Ikhwani Safaa, iliyozaliwa mwaka 1905, zama za Sayyid Ali bin Hamoud; na kwa itikadi yangu kilichoipa umri huo si utamu wa sauti peke yake, bali ni lile sharti la awali kwamba nadi, yaani klabu, ni mali ya wanachama wenyewe, na kwamba mtu huingia humo kwa suhuba kabla hajaingia kwa muziki.

Kabla yake taarabu ilikuwa pambo la kasri. Husimuliwa kwamba Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze kupiga kanuni, naye aliporejea akawafundisha wengine, wakawa wakimtumbuiza Sultani na wageni wake. Vijana wa mjini hawakuridhika kuisikilizia nje ya kuta. Wakachangishana, wakaagiza ala Misri, wakajifunza wao kwa wao, na jina wakalitwaa kwa wale wanavyuoni wa Basra wa karne ya nne ya Hijria, waliosifika kwa kusomeshana elimu katika udugu.

Kujifunza huko hakukuwa kazi nyepesi. Kanuni ina nyuzi sabini na ushei, zimepangwa tatu tatu kwa kila sauti, nayo hulazwa mapajani ikapigwa kwa vidole vya shahada vilivyovishwa pete zenye vijiti vya kudonolea. Na katika hewa ya pwani yenye unyevu, ngozi iliyo chini ya daraja la nyuzi hulegea, hata mpigaji akalazimika kukaa kitako kitambo kirefu akikaza na kulegeza, ilhali wenziwe wa udi, fidla, nai, dumbaki na rika wanamngojea bila kunung'unika. Hakuna aliyelipwa kwa kungojea huko.

Mwanzoni nyimbo zao zilikuwa za Kiarabu. Aliyeifungulia taarabu mlango wa Kiswahili hakuwa mwanachama wao: ni Siti binti Saad, mwanamke wa shamba, mzaliwa wa Fumba, muuza vyungu, ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kutia sauti yake katika santuri. Baada yake taarabu ya Kiarabu kitupu haikuweza tena kuwatosha watu, na nadi nayo, pole pole, ikawageukia washairi wa Kiswahili. Deni hilo kwa binti wa Fumba halitajwi kwa kadiri inavyostahili.

Mwaka 1958 nadi ikapata mshindani wa haki, Culture Musical Club, na ushindani huo ukawanoa wote wawili. Yakaja Mapinduzi ya 1964, vilabu vikawekwa chini ya chama kilichotawala, na jina la Malindi likatumika mahali pa lile la zamani, mpaka wenyewe walipolirudia. Mwaka 2005 nadi ikatimiza miaka mia, na kati ya waliobeba mzigo wake katika karne hiyo, Idi Farhan na Seif Salim ni majina ambayo mpenda taarabu wa Unguja hahitaji kuelezwa.

Anayetaka kuijua nadi hii na aende kuisikiliza siku za Idi. Hufungua kwa bashrafu, ala tupu, watu wametulia vitini; ndipo mwimbaji huinuka, na beti zikianza kupenya, bibi mmoja hutoka katikati ya wenziwe, akaenda kwa madaha, noti mkononi, akamtunza mwimbaji katika ule mshororo hasa alioutaka usikiwe na mtu fulani aliyeketi ukumbini, kisha akarudi kitini pake bila kutamka neno, na kila aliyepo ameshafahamu.

Tangu 2002 kipo Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ambako udi na kanuni hufundishwa wavulana na wasichana. Jambo hilo lanifurahisha mno, kwani wale vijana wa 1905 hawakupata mwalimu wa kuwafunza darasani, wala hawakudhani kwamba siku moja kanuni ingelazwa mapajani mwa binti wa Unguja, akaipiga mbele ya umma, wazee wa nadi wakamsikiliza na kumsahihisha.