Baba asiyeoa anaandikwaje ku etasivili?

Mangobo, kama katika komini zingine za Kisangani, kuna watoto ambao baba yao anajulikana na kila mtu. Jirani wanamjua, mwalimu anamjua, na mtoto mwenyewe anaitwa kwa jina lake. Lakini katika buku la etasivili, fasi ya baba iko wazi. Kwa sheria ya Kongo, kumjua baba ni jambo moja, kumwandika ni lingine. Mara nyingi familia inagundua tofauti hiyo baada ya matanga, wakati wa kugawa nyumba na parseli.

Ndoa na "yaka tofanda"

Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inaanza na ndoa. Mtoto akizaliwa ndani ya ndoa, ao katika siku 300 baada ya ndoa kuvunjika, baba yake ni bwana wa mama. Hakuna anayeomba ushahidi mwingine. Na kama mwanaume mwingine anasema mtoto ni wake, hawezi kuandikwa hivi hivi tu: kwanza tribinali iondoe ubaba wa yule bwana.

Kwa wale wanaoishi "yaka tofanda", bila ndoa, njia hiyo haiko, hata wakikaa pamoja miaka 10. Hapo baba anapaswa kumtambua mtoto mbele ya afisa wa etasivili, ambaye katika komini ni burgumestre. Kitendo hicho kinaitwa afiliasio. Sheria inataka kifanyike katika miezi 12 tangu mtoto kuzaliwa. Mama akienda peke yake na kutaja jina la mwanaume, jina hilo tu halimfanyi mwanaume huyo kuwa baba mbele ya sheria.

Jambo hili halianzii Kongo. Uskoti ilipoanza kuandikisha vizazi vyote kwa lazima mwaka 1855, baba asiyeoa aliingia katika buku ikiwa tu alikuja pamoja na mama na kutia sahihi. Asipokuja, fasi yake ilibaki tupu, na mama aliyetaka haki alienda kortini.

Kartasi ya maternite haitoshi

Wazazi wengi wanatunza kartasi waliyopewa na maternite, wakidhani kazi imekwisha. Kartasi ile inaonyesha tu kwamba mtoto alizaliwa pale. Cheti cha kuzaliwa kinatoka ku etasivili. Kuandikisha ni bure katika siku 90 za kwanza. Siku hizo zikipita, inabidi kupitia tribinali ya watoto ili kupata hukumu, na baada ya hapo ndipo cheti kitolewe. Ni safari, ni muda, ni franga.

Baba akikataa

Sheria inasema wazi kwamba kila mtoto Mkongomani lazima awe na baba, na kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpuuza mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa ao inje. Baba akikimbia, inawezekana kumshitaki ili tribinali itafute na kuthibitisha ubaba wake. Kama ubaba haukuthibitishwa, mtoto anaweza kupewa baba wa kisheria, kutoka upande wa familia ya mama ao mtu ambaye mama mwenyewe anamchagua. Huyo anabeba kazi za mzazi.

Wakati wa Wabelgiji, fasi ya baba iliyoachwa tupu ilileta machozi makubwa. Watoto wengi waliozaliwa na mama Mkongomani na baba mzungu waliandikwa kuwa wa baba asiyejulikana, hata pale baba alipojulikana vizuri. Leta iliwaondoa kwa mama zao na kuwaweka katika misioni, kama ile ya Katende, Kasai. Tarehe 4 Aprili 2019, waziri mkuu wa Ubelgiji Charles Michel aliomba msamaha. Tarehe 2 Desemba 2024, korti ya rufaa ya Brussels ilihukumu kwamba kuwachukua wanawake watano kati yao, walipokuwa watoto wadogo, kulikuwa kosa dhidi ya ubinadamu. Kila mmoja alipewa euro 50.000.

Siku ya urithi

Leo hatari ya kwanza ni urithi. Baba akifariki bila kuacha wosia, watoto wake ndio warithi wa kwanza, na wanagawana sawa sawa robo tatu ya mali. Waliozaliwa inje ya ndoa wako ndani ya hesabu hiyo, lakini sheria inaweka sharti: wawe wametambuliwa na baba akiwa angali hai. Picha, ada ya masomo aliyolipa, ushahidi wa jirani, vyote vinaonyesha upendo, lakini havichukui fasi ya afiliasio. Wajomba na shangazi wakianza kuuliza "huyu ni mtoto wa nani?", jibu linatafutwa katika buku.

Kwa hiyo kuna mambo matatu ya kushika: siku 90 za kumwandikisha mtoto, miezi 12 ya kumtambua, na lile lisilo na kalenda, maisha ya baba mwenyewe.