Barabara inapobana, baiskeli ipite wapi?

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, baiskeli ni chombo cha kazi. Msimu wa ufuta na wa korosho hubeba magunia kutoka shambani hadi ghalani, na siku nyingine hubeba maji, mkaa na watoto wa shule. Msimu huohuo wa mavuno ndipo malori nayo yanapoongezeka barabarani. Katika makala haya tunaeleza mahali ambapo vyombo hivi viwili hukutana vibaya zaidi: pale barabara inapopungua upana, hasa kwenye daraja na karavati.

Hatari iko wapi

Kwenye barabara pana, mwendesha baiskeli hupita kwenye bega la barabara, yaani sehemu ya pembeni nje ya mstari mweupe. Akifika kwenye daraja jembamba, bega linakwisha. Kushoto ana kingo za daraja, kulia ana gari.

Tufanye hesabu. Lori au basi lina upana wa karibu mita 2.5. Baiskeli yenye gunia lililolazwa nyuma huchukua karibu mita 1. Nafasi salama kati yao ni mita 1.5. Jumla ni mita 5. Lakini upande mmoja wa barabara ya lami mara nyingi hauzidi mita 3.5. Gari jingine likija kutoka mbele, hakuna namna ya kuipita baiskeli kwa usalama.

Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2020 kuhusu njia za baiskeli unawaonya wahandisi wasitumie upana wa kati ya mita 3.2 na 3.9 pale baiskeli na magari vinapotumia njia moja. Upana huo hautoshi kupita, lakini unamshawishi dereva ajaribu.

Njia tatu za kusanifu

Ya kwanza ni kuitenga baiskeli. Daraja hujengwa likiwa na njia ya pembeni iliyoinuliwa, yenye upana wa angalau mita 1.5, na zaidi kwa baiskeli zenye mizigo. Mwanzo na mwisho wake uwe mteremko laini, si ngazi.

Ya pili ni kujenga kivuko chembamba kando ya daraja la zamani, kwa ajili ya baiskeli na waenda kwa miguu.

Ya tatu, kama nafasi au fedha haitoshi, ni kuchanganya vyombo kwa makusudi. Njia ya baiskeli iishie mita kadhaa kabla ya daraja, pawe na vibao na matuta ya kupunguza mwendo hadi kilomita 30 kwa saa, na baiskeli ipite katikati ya upande wake huku gari likisubiri nyuma.

Mstari wa rangi peke yake, unaokatika mlangoni mwa daraja, haumlindi mtu.

Wa kuuliza ni nani

Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Za wilaya, mitaa na vijiji ziko chini ya TARURA. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam eneo la Somanga, na madaraja yakalazimika kujengwa upya. Daraja hudumu miaka mingi, hivyo swali la baiskeli liulizwe kwenye mkutano wa kijiji na kwa diwani kabla zege halijamwagwa.

Kwa sasa, mwendesha baiskeli ageuke atazame nyuma kabla ya kuingia darajani. Lori likiwa karibu, ashuke na kulipisha. Akiwa ameshaingia, dereva asubiri: daraja la mita 30, baiskeli inayokwenda kilomita 12 kwa saa hulimaliza kwa sekunde 9.