Ukakamavu: Mata na Umbo Vinapokutana

Ukakamavu ni ukinzani wa kitu dhidi ya kubadilika umbo kinapobebeshwa mzigo. Wengi huuchanganya na uimara, yaani mzigo ambao kitu hustahimili kabla ya kuvunjika. Kioo ni kikakamavu kuliko ubao, lakini pigo dogo hukipasua.

Ukakamavu wa ufito dhidi ya kupinda hupatikana kwa kuzidisha vitu viwili. Cha kwanza ni moduli ya Young, iliyopewa jina la mwanasayansi Thomas Young wa Uingereza. Hiyo ni sifa ya mata yenyewe: chuma cha pua ni takribani gigapaskali 200, mbao nyingi ni karibu 10 zikivutwa kufuata nyuzi zake. Sayansi ya mata ndiyo inayoipima na kueleza inatoka wapi. Cha pili ni momenti ya pili ya eneo, inayotokana na umbo na unene pekee. Hiyo ni kazi ya mekaniki ya miundo, ambayo hapo haina haja ya kujua mti gani ulikatwa.

Mfano bora wa viwili hivyo kukutana ni herio, nyumba ya wafugaji wa Kisomali inayoonekana sehemu kama Hadado, Kaunti ya Wajir. Wanawake ndio waijengao: hupinda fito nyembamba, huzifunga kwa kamba, hutandaza mikeka juu, na siku ya kuhama hupakia yote juu ya ngamia.

Kwa nini nyembamba? Ukiongeza kipenyo mara mbili, uzito huwa mara 4 na ukakamavu mara 16. Faida hiyo ina gharama yake. Ufito wa sentimita 2 ukipindwa kwenye tao la nusu kipenyo cha mita 2, nyuzi za nje hurefuka kwa asilimia 0.5, wa sentimita 4, asilimia 1, na hapo mbao nyingi kavu huwa karibu kukatika. Asilimia hizo zimetolewa na jiometria pekee. Lakini ufito mbichi hustahimili zaidi, kwa sababu maji hulainisha kuta za seli zake, na hilo jiometria haiwezi kukuambia.

Nawasihi watafsiri wa vitabu vya uhandisi wasiandike "ugumu" panapotakiwa ukakamavu. Ugumu ni uso kukataa kukwaruzwa au kubonyezwa. Anayechagua boriti kwa jedwali la ugumu ataezeka paa litakalobonyea.