Mpaka wa Hesabu katika Mifumo ya Bajeti

Anayeandika kanuni ya kukokotoa katika mfumo wa bajeti hukutana mapema na swali ambalo wengi huliona la kiufundi tu: hesabu ipite kwenye data yote, au kwenye sehemu yake? Jibu lililozoeleka ni sehemu, na sababu inayotolewa ni kasi. Makala haya yanakubali jibu hilo, ila yanaikataa sababu kuwa haitoshi. Anayeiwekea hesabu mpaka anadai kwamba tarakimu zilizo nje ya mpaka hazitegemei zilizo ndani. Hilo ni dai la kihasibu, nalo mara nyingi huamuliwa na fundi ambaye hakuna mhasibu aliyemuuliza.

Mfano wetu mkuu ni Essbase, kanzidata ya mihimili mingi iliyotolewa na Arbor Software mwaka 1992, ikapita mikononi mwa Hyperion, na tangu 2007 ni mali ya Oracle. Faida yake kwa mjadala huu ni kwamba mpaka wake huandikwa waziwazi. Amri ya FIX hutaja vipengele vinavyohusika, ENDFIX hufunga, na kisichotajwa hakiguswi.

Hoja ya kasi ina uzito wake. Essbase hutenganisha mihimili ambayo karibu kila makutano yake yana tarakimu, kama akaunti na miezi, na ile yenye mapengo mengi, kama vitengo na miradi. Mihimili iliyojaa huunda kitalu cha data. Ile yenye mapengo huamua ni vitalu vingapi vitakuwepo. Tuchukue vitengo 60, miradi 40, vyanzo 5 vya fedha na matoleo 4 ya bajeti: vitalu 48,000 vinawezekana, kila kimoja kikiwa na akaunti 500 kwa miezi 12, yaani seli 6,000. Hesabu ikifungwa kwenye kitengo kimoja na toleo moja, vinabaki vitalu 200. Ikifungwa kwenye mwezi wa Machi peke yake, mashine bado itapitia kila kitalu kilichopo, kwa kuwa Machi imo ndani ya kila kimoja. Waandishi wengi wa kanuni huijua tofauti hii kwa kusubiri.

Kinachosahaulika ni kwamba mpaka wa namna hii hautokani na hesabu yenyewe. Lahajedwali ya Excel hufuatilia seli ipi inategemea ipi, na ukibadilisha moja hurudia zile tu zilizoathirika. Huko mpaka hugunduliwa na mashine. Katika Essbase mpaka hutangazwa na binadamu, na mashine humwamini.

Kwa hesabu rahisi, imani hiyo haina madhara. Idadi ya wauguzi mara mshahara wao ndani ya kitengo kimoja haimhusu mtu wa kitengo kingine. Uwiano ndio unaoleta taabu. Nchini Kenya, ambako programu yenye jina la Hyperion hutumika kuandaa bajeti ndani ya IFMIS, mfumo wa serikali wa kusimamia fedha, sheria zenyewe zimeandikwa kwa uwiano. Kanuni za fedha za kaunti za mwaka 2015 zinataka mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo katika muda wa kati.

Sasa tubuni kaunti, bila kudai lolote juu ya jinsi mfumo wa Kenya ulivyopangwa. Mapato yake ni shilingi bilioni 10 na mishahara ni bilioni 3.4, yaani asilimia 34. Idara ya afya inaongeza ajira za shilingi milioni 150, afisa anahifadhi fomu, na kanuni iliyofungwa kwenye idara yake inakokotoa kwa sekunde chache. Idara ya afya iko sawa kabisa. Kaunti imefika asilimia 35.5 na imevunja kanuni ya asilimia 35, lakini ripoti ya kaunti bado inasoma 34, kwa sababu jumla ya juu haikuwa ndani ya mpaka. Wala haisaidii kuufanya uwiano ukokotolewe papo hapo ripoti inapofunguliwa: utakokotolewa upesi, tena kwa usahihi, kutoka kwenye jumla ya zamani.

Kosa la aina hii si la Essbase peke yake. Katika TM1, kanzidata nyingine ya mihimili mingi ambayo sasa iko chini ya IBM, mwandishi wa kanuni anaweza kuiagiza mashine iruke seli tupu inapojumlisha, kisha yeye mwenyewe ataje ni seli zipi za kanuni zisirukwe. Akisahau moja, seli hiyo ukiitazama inaonyesha tarakimu sahihi, lakini jumla iliyo juu yake haiihesabu. Nalichukulia kosa hili kuwa baya kuliko mfumo unaokwama, maana mfumo uliokwama hupigiwa simu.

Wapo watakaosema kumbukumbu za kompyuta siku hizi ni rahisi, basi tukokotoe yote kila mara. Wanasahau kazi ya pili ya mpaka. Hesabu iliyofungwa kwenye toleo la rasimu haiwezi kufuta tarakimu za toleo lililokwisha kuidhinishwa na bunge la kaunti. Mpaka huo ni ulinzi, na hakuna kasi ya mashine inayouondolea maana.

Ninachopendekeza ni mpaka ufuate utegemezi badala ya kiti cha mtumiaji. Kitengo kilichobadilishwa kikokotolewe pamoja na wazazi wake hadi kileleni: kitengo, idara, kaunti. Hizo ni ngazi chache, na gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na kukokotoa kila kitu. Hapa pana tatizo moja ambalo halina njia ya mkato. Gharama za pamoja zinapogawanywa kwa idadi ya wafanyakazi, hospitali moja ikiajiri, mgao wa nyingine zote hubadilika, na mpaka mdogo ulio sahihi haupo. Hesabu hiyo ingoje zamu ya usiku, na hadi hapo kila ripoti inayoitumia ionyeshe saa ilipokokotolewa mwisho.

Wanaoandaa zabuni za mifumo hii hudai muda wa majibu kwa sekunde. Wadai pia, kwa kila kanuni, maelezo ya maandishi yanayotaja tarakimu zitakazobaki za zamani baada ya kanuni hiyo kuendeshwa, na mhasibu mkuu ayatie saini kabla mfumo haujapokelewa.