Mwezi wa Tano Kabla ya Mwezi wa Nane: Habari ya Herrnhut, 1727

Somo la juma: Zaburi 133, Matayo 5:23-24, Matendo 2:1-4

Katika vipindi vyetu vya maombi tumesikia mara nyingi habari ya kanisa dogo la Herrnhut, kule Ujerumani, ambako watu waliomba usiku na mchana kwa miaka zaidi ya 100. Ni habari ya kweli, na wahubiri wanaipenda. Wanaanzia tarehe 13 ya mwezi wa nane mwaka wa 1727, siku Roho alipowatembelea watu kwenye meza ya Bwana, kisha wanakwenda moja kwa moja kwenye maombi na kazi ya misioni. Kuna sehemu inayorukwa karibu kila mara. Miezi mitatu mbele ya siku ile, katika mwezi wa tano, watu wale wale waliketi kutengeneza mambo ya ugomvi, masengenyo, kazi na ujirani. Sisi tunaona sehemu hiyo ndiyo inayotufaa zaidi leo, makanisa yanapovunjika mbele ya macho yetu, mengine kwa sababu ya kiti tu cha mchungaji.

Kwanza tueleze majira. Kule hawana masika na kiangazi kama sisi. Wana miezi ya baridi kali, theluji inafunika udongo, na miti inasimama bila jani hata moja. Ikifika mwezi wa nne na wa tano, jua linarudi, majani yanachipua, na watu wanatoka na majembe. Mkulima wa kwetu aifikirie mvua ile ya kwanza ya mwezi wa tisa, vumbi linapolala na harufu ya udongo inapopanda. Mambo tutakayosimulia yalianza katika majira ya namna hiyo.

Watu wa Herrnhut walikuwa wakimbizi. Babu zao wa imani walikuwa wafuasi wa Jan Hus, mhubiri wa Bohemia aliyechomwa moto katika mji wa Konstanz mwaka wa 1415. Mwaka wa 1457 baadhi ya wafuasi hao walianzisha ushirika wao, wakajiita Umoja wa Ndugu. Baada ya vita ya mwaka wa 1620 wafalme waliwafukuza, wakafunga makanisa yao, wakachoma vitabu vyao. Waliobaki katika Bohemia na Moravia waliomba kwa siri ndani ya nyumba kwa miaka 100, baba akimfundisha mtoto usiku, milango imefungwa.

Aliyewatoa ni fundi seremala jina lake Christian David. Huyu alivuka mpaka mara nyingi, akienda kwa miguu kuwatafuta waaminio na kuwaonyesha njia. Mwaka wa 1722 ndugu wawili wa jamaa ya Neisser, mafundi wa kutengeneza visu, waliacha nyumba na vyombo vyao usiku pamoja na wake na watoto, wakamfuata. Walipokelewa katika shamba la mtu mkubwa wa Saksonia, kijana wa miaka 22, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Tarehe 17 ya mwezi wa sita Christian David alikata mti wa kwanza wa kujenga. Inasemekana alipouangusha alitaja Zaburi 84:3, ile inayosema juu ya shomoro na nyumba yake. Mahali pale pakaitwa Herrnhut, maana yake ulinzi wa Bwana.

Wasomaji wetu waliowahi kuishi katika kambi watafahamu yaliyofuata. Watu waliendelea kufika, na kufikia mwaka wa 1727 walikuwa kama 300. Si wote waliotoka Moravia. Kulikuwa na Waluteri, kulikuwa na wafuasi wa Calvin, na wengine wenye mafundisho yao wenyewe. Mtu aliyepoteza nyumba na shamba hushika kwa nguvu kile kilichobaki mkononi, na mara nyingi ni desturi yake ya ibada. Wakabishana juu ya meza ya Bwana, na juu ya kuwa chini ya mchungaji Mluteri, Johann Andreas Rothe, wa kijiji jirani cha Berthelsdorf. Akaja mtu mmoja, Krüger, aliyejifanya mwenye ufunuo. Akafundisha kwamba Zinzendorf ndiye mnyama wa kitabu cha Ufunuo, na Rothe ndiye nabii wa uongo. Watu walimsikiliza! Hata Christian David, aliyewaleta wengi kwa miguu yake, alivutwa na upande huo kwa muda. Krüger mwenyewe aliharibika akili akaondoka, lakini sumu ilibaki. Hatushangai: nabii wa namna hiyo akiondoka katika mtaa, maneno yake hukaa katika vinywa vya watu kwa muda mrefu.

Zinzendorf alikuwa na kazi ya serikali katika mji wa Dresden. Katika majira ya kuchipua ya mwaka wa 1727 aliomba ruhusa, akaiacha kazi ile, akahamia Herrnhut. Hakuanza na mkutano mkubwa wa injili. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akaketi na watu, akasikiliza. Tunapenda kusimama hapa kidogo, maana huyu alikuwa mwenye shamba. Angeweza kuwafukuza wote kwa barua moja.

Tarehe 12 ya mwezi wa tano aliwakusanya. Alisema nao saa tatu nzima juu ya ubaya wa mafarakano. Kisha akaweka mbele yao maandiko ya namna mbili: amri za kijiji, alizozitoa yeye kama mwenye shamba, na mapatano ya ndugu, yaani ahadi ambazo kila mmoja aliziingia kwa hiari. Watu wakapeana mikono wakakubali.

Tukisoma mapatano hayo leo tunashangaa jinsi yalivyo ya kawaida. Watu wa Herrnhut watadumu katika upendo na watoto wote wa Mungu walio katika makanisa mengine, wala hawatawahukumu. Mtu asiweke kitu moyoni juu ya ndugu yake; amwendee mara moja, amwambie kwa upole lililomchoma, bila kuangalia kama ni mkubwa au mdogo. Na hapa kuna jambo ambalo tungependa liandikwe katika kila komite ya kanisa: malalamiko yaliyolimbikizwa, yale mtu anayoyahesabu mwezi baada ya mwezi mpaka yajae gunia, yasisikilizwe kabisa. Fundi aliyeahidi kazi kwa siku fulani aimalize siku hiyo. Kila mtu afanye kazi ale mkate wake, lakini akizeeka, akiugua au akiwa fukara, ushirika umlishe. Katika amri za kijiji Zinzendorf aliandika kwamba wakaaji wa Herrnhut na wazao wao watakuwa huru, hawatakuwa watumwa wa shamba, ingawa wakati ule wakulima wengi wa sehemu zile walifungwa kwa bwana wa ardhi.

Walichagua wazee 12. Kati ya hao wanne wakapatikana kwa kura kuwa wakubwa, kama mitume walivyofanya kwa Matiya, na mmoja wa hao wanne alikuwa Christian David. Yule aliyekuwa amevutwa na wenye kugawanya akapewa kazi ya kulinda umoja. Wangeweza kumwekea alama kwa yaliyopita. Hawakufanya hivyo.

Miezi ya katikati ilipita kwa kazi ndogondogo. Walijigawa katika vikundi vya watu wachache, wanaume peke yao na wanawake peke yao, kuungama na kuombeana. Zinzendorf alipata katika maktaba ya mji wa Zittau kitabu cha askofu Comenius juu ya taratibu za Umoja wa Ndugu wa zamani. Aliposoma akaona kwamba yale waliyopatana mwezi wa tano yanafanana na yale ya babu zao.

Jumapili tarehe 10 ya mwezi wa nane mchungaji Rothe, katikati ya mkutano, alizidiwa akaanguka chini mbele za Mungu, na watu wakabaki katika maombi na nyimbo hadi usiku wa manane. Siku tatu baadaye, Jumatano, walialikwa kushiriki meza ya Bwana katika kanisa la Berthelsdorf. Walikwenda kwa miguu. Njiani watu waliokuwa hawasemezani walionekana wakitembea wawili wawili, wakiombana radhi. Walipofika kanisani kazi kubwa ilikuwa imekwisha kufanyika barabarani. Ndani walilia, waliimba, na wengi hawakuweza baadaye kueleza lililowapata, isipokuwa kwamba walijifunza kupendana. Sisi Wapentekoste tunamfahamu aliyekuwa akitenda.

Baada ya ibada hawakutaka kuachana. Wakaketi vikundi vikundi katika nyumba mbalimbali, na Zinzendorf akawapelekea chakula kutoka nyumbani kwake. Kutoka hapo ikazaliwa karamu yao ya upendo, ile tunayoiita agape. Tarehe 27 ya mwezi huo wanaume 24 na wanawake 24 wakapatana kugawana saa za siku, kila mtu saa yake, akiomba pale alipo. Halikuwa kesha la watu wengi na vipaza sauti. Mama mmoja chumbani kwake alishika saa yake, akajua kwamba ikiisha kuna mwingine anapokea. Maombi ya namna hiyo hayawezekani kati ya watu wasioaminiana, na tunadhani hii ndiyo sababu yalidumu hivyo.

Majira ya kuchipua yaliendelea kuwa na nafasi yake katika maisha ya kanisa lile. Mwezi wa tano wa 1728 walianza kupeana neno moja la Maandiko kwa kila siku, likipelekwa nyumba kwa nyumba. Tangu 1731 maneno hayo yanachapwa kama kitabu cha mwaka mzima, na mpaka leo yanasomwa katika lugha nyingi. Pasaka ya mwaka wa 1732 vijana wanaume waliamka kabla ya mapambazuko, wakapanda kilima cha Hutberg, penye makaburi ya ushirika, wakaimba jua lilipochomoza. Makaburi ya pale yana mawe yaliyolala chini, yanayofanana. (Ya jamaa ya Zinzendorf ni makubwa zaidi na yako katikati, desturi ya wakubwa haifi upesi.) Ibada ile ya alfajiri Wamoravian wanaifanya hadi sasa kila Pasaka, pamoja na wa Tanzania, ambako wamisionari wao walifika Rungwe mwaka wa 1891. Katika Congo yetu pia wako.

Mwezi wa nane wa mwaka ule ule wa 1732, Leonhard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala, waliondoka Herrnhut kwenda kuwahubiria watumwa weusi wa kisiwa cha St. Thomas, katika bahari ya Karibi. Mwaka wa 1738 akaja mgeni kutoka Uingereza, John Wesley, aliyeguswa moyo mwaka huo huo na ambaye Wamoravian walikuwa wamemsaidia sana. Kutoka kwa Wesley ukatoka mwamko wa Wamethodisti, na kutoka huko, kwa njia ya watu wa utakatifu wa Marekani, ukafika moto wa Pentekoste wa miaka ya 1900. Wesley alikaa Herrnhut siku kadhaa, akamsikia Christian David akihubiri mara nne, akaandika habari zake kwa heshima.

Christian David hakuacha useremala. Mwaka wa 1733 alikwenda Greenland, nchi ya barafu, pamoja na vijana wawili, kuanzisha misioni. Alisafiri na kujenga mpaka uzee. Alikufa Herrnhut mwaka wa 1751.