Pale Maji ya Lualaba Inakutana na Chumvi

Siku moja tulikuwa tunafundisha mito ya Kongo katika darasa la tatu ya sekondari. Tulikuwa tumechora Lualaba ubaoni, toka Upemba mpaka Kisangani, kisha ule upinde mkubwa wa kwenda Mbandaka, Kinshasa na Matadi, na mwishoni tukapiga kamstari na kuandika: Bahari Atlantika. Mtoto mmoja akanyoosha mukono: "Mwalimu, maji yetu ikifika kule, inakuwa ya chumvi mara moja?" Tukamjibu ndiyo, tukaendelea na somo.

Jibu letu lilikuwa baya. Ilitubidi kusoma tena, sisi wenye kushika chaki tangu miaka mingi, ili tujue ubaya wake.

Sisi watu wa Katanga tunajua chumvi ya inchi kavu. Wazee walituhadisia chumvi ya Mwashya, upande wa Lufira, iliyotoka katika mabwawa na kubebwa mbali kwa mabega ya watu. Wenzetu wa kandokando ya Tanganyika walipata ile ya Uvinza, ambayo ilivuka ziwa kwa mitumbwi. Wengine walichoma majani ya mabwawani, wakachuja majivu. Juu ya bahari yenyewe, habari zilitufikia toka mashariki pamoja na misafara, nguo na shanga. Hata lugha tunayoandika hapa ilipita njia ile. Kwa hiyo mutu wa kwetu akisikia "bahari," mawazo yake yanakimbilia Zanzibar na Dar es Salaam, kumbe bahari ya inchi yetu iko upande wa pili, na pwani yake haizidi kilometa 40 hivi. Ni kidirisha kidogo ambacho mapatano ya Februari 1885, wakati wa mkutano wa Berlin, yaliacha kati ya Kabinda na ngambo ya kusini, ambazo zote mbili zilibaki kwa Wareno.

Lakini watu wa kwanza kufuata Lualaba mpaka kule mwisho walikuwa wasema-Kiswahili. Livingstone, alipokaa Nyangwe mwaka 1871, alifikiri labda muto huu ni mwanzo wa Nile. Mwaka 1876 Stanley alifika Nyangwe na watu wake waliotoka Zanzibar, wale walioitwa Wangwana. Tippu Tip aliwasindikiza kipande cha njia, kisha akarudi. Safari ile ilikuwa ya njaa, ya maporomoko na ya kumwaga damu ya wenyeji, tusifiche. Tarehe 9 Agosti 1877 waliobaki wakaingia Boma. Vitabu vya shule vinasema "Stanley aligundua." Vitabu hivyo vinasahau kwamba zaidi ya watu mia moja waliofika pamoja naye walikuwa watu wa pwani ya mashariki. Toka Boma wakateremshwa kwa meli mpaka Kabinda, kisha Luanda, wakazunguka kusini ya Afrika na kufika Zanzibar mwezi wa Novemba. Watu wale walitoka karibu na mikoko ya bahari moja, wakapita kati ya mikoko ya bahari nyingine. Wao wangeweza kumjibu mwanafunzi wetu kuliko sisi.

Jibu ni hili: maji hayachanganyiki mara moja. Muto Kongo unatoa, kwa wastani, karibu meta kyubu 41,000 kila sekunde, na ni Amazon peke yake inayoupita. Maji matamu ni mepesi, yanapita juu. Maji ya chumvi ni mazito, yanaingia chini kwa chini. Kwa hivi, mvuvi karibu na Banana anaweza kuelea juu ya maji ya muto, na chini ya mtumbwi wake kuna bahari. Diogo Cão na Wareno wenzake, walipofika pale katika miaka ya 1482 na 1483, walikutana na maji matamu ndani ya bahari kabla ya kuingia mutoni.

Na kule chini kuna kitu cha kuogopesha. Mito mingi mikubwa hulundika udongo wake mlangoni na kufanya delta, kama Nile. Muto wetu haukufanya hivyo, juu ya bonde refu linalopasua sakafu ya bahari na kuingia mpaka ndani ya muto wenyewe, kilometa karibu 30 toka mlangoni. Pale mlangoni kina chake kinafika meta 400 na zaidi. Udongo ukifika, unaanguka ndani ya shimo hilo. Mskoti J. Y. Buchanan alipima bonde hili katika miaka ya 1880, wakati walipotafuta njia ya kulaza waya wa telegrafu. Waya ulilazwa, na bonde likaanza kuukata: toka 1886 mpaka 1937 ulikatika mara 30 hivi, hasa majira ya mafuriko.

Watu wa leo watasema hayo ni ya zamani. Bon, tukumbuke Januari 2020, intaneti ilipokwenda polepole katika inchi nyingi za Afrika. Mwisho wa 2019 muto ulikuwa umefurika kuliko kwa makumi ya miaka. Matope yalijaa mlangoni, kisha yakaporomoka bondeni na kwenda zaidi ya kilometa 1,100 chini ya bahari, yakakata waya mbili zinazobeba mawasiliano. Mvua ya kwetu bara ilikuwa na sehemu yake ndani ya jambo hilo.

Udongo ambao hauangukii shimoni unabaki pembeni, na ndio unaokamata mikoko. Tulikuwa tukifikiri mikoko ni pori la kawaida lililofunikwa na maji. Sivyo. Mti wa kawaida ungekufa pale, juu matope hayana hewa na chumvi inakausha mizizi. Mikoko mirefu ya Muanda inasimama juu ya mizizi iliyopindika kama miguu ya buibui, na hewa inaingia kupitia ngozi ya mizizi hiyo. Aina nyingine inatoa vijiti vingi toka matopeni, vinapumua maji yakishuka. Mbegu inaota ingali juu ya mama yake. Ikianguka imekwisha kuwa mche. Kati ya mizizi wanajificha samaki wadogo na kosa-kosa. Kule pia anapita yule mnyama mkubwa mpole, ndugu ya nguva, tunayemwita kwa Kifaransa lamantin. Ukipanda muto, chumvi inapungua, mikoko inaachia nafasi mafunjo na miti ya raphia.

Wenyeji wa pale, kwa sehemu kubwa Wakongo wa makabila ya pwani, wanaishi kwa mpaka huo wa chumvi na utamu. Zamani watu wa pwani walipika maji ya bahari katika vyungu, na chumvi ile ilipanda bara, sawasawa na ile ya Mwashya ilivyotembea kwetu. Wamama wanaokota kombe katika mchanga na matope, na magamba matupu yanarundikana vilima kwa vilima visiwani. Kombe wa namna hiyo wako pia kwenye muto Volta, inchini Ghana. Kule, kisha bwawa la Akosombo kujengwa mwaka 1965, maji hayakufurika tena wala kupungua kama zamani, chumvi ikasukumwa kuelekea bahari, na kombe, ambaye anahitaji chumvi kidogo ili azae, akahama na kupungua. Wamama waliomtegemea ndio walilipa bei ya umeme.

Tunaposikia habari za Inga, tungependa mtu aulizwe juu ya kombe. Inga ya 1972 na ile ya 1982 zinachukua sehemu tu ya maji. Mradi ule mkubwa unasema juu ya kufunga muto wenyewe. Kwa sasa shoka ndilo linalofanya kazi: mikoko inakatwa kwa makala na kwa kukausha samaki. Serikali iliweka Hifadhi ya Mikoko mwaka 1992, karibu kilometa 768 za mraba, na mwaka 1996 ikaandikwa katika mapatano ya Ramsar. Lakini mama wa Muanda lazima apike, na mti ulio karibu ni huo. Mwaka 2022 zikaanza pia kazi za bandari ya maji marefu pale Banana.

Tulirudi darasani mwaka uliofuata na kuchora tena ule muto, safari hii na bonde lake. Yule mtoto alikuwa amekwisha panda darasa, tukamwita aje kusikia. Akauliza swali lingine: "Basi, udongo ya Lufira nayo iko kule chini?" Tulimwambia sehemu yake inabakia njiani, nyuma ya bwawa la Mwadingusha, katika ziwa Tshangalele, na nyingine katika maziwa ya Upemba. Maji yenyewe inapita.